Waraka ni Nusu ya Kuonana

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemjaalia mwanadamu kalamu ikawa mlango wa elimu. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao kwa wema.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Malindi, Lamu na miji yote ya mwambao, twawaandikia kutoka bara, chini ya Mlima wa Kenya, katika miji ya Meru na Embu, ambako darasa yetu hukutana baada ya sala ya Magharibi. Jambo tulitakalo kulisema katika toleo hili watu wengi hulihesabu dogo. Ni barua, barua ya mkono, iandikwayo na mtu mmoja kwa wino, ikapelekwa kwa mtu mmoja ampendaye.

Wazee wetu walisema: waraka ni nusu ya kuonana. Twataka kubainisha kwamba neno hili ni la kweli, na kwamba nusu hiyo ya kuonana ni haki ya jamaa yako juu yako. Mwenye kuitoa humtia furaha aliye mbali, naye mwenyewe akafurahi zaidi. Na mwenye kuizuia hali anaweza, amemnyima mwenziwe haki yake.

Sababu ya maneno haya

Tumeyaandika haya kwa sababu ya mambo mawili tuyaonayo kwa macho yetu.

La kwanza: wako watu wa pwani waliokuja huku kwetu, wenye maduka, madereva, walimu wa vyuo, na wengineo. Wana mama zao Mji wa Kale, na wana shangazi zao Lamu na Siyu. Mwezi ukiisha hutuma fedha kwa simu, na Mungu awalipe kheri kwa hilo. Walakini mwaka hupita, na wa pili hupita, na mama hajapata neno moja lililotoka mkononi mwa mwanawe.

La pili, nalo ndilo zito zaidi: wako vijana wa Meru na Embu, waume kwa wake, ambao Mwenyezi Mungu amewaongoa wakasilimu, kisha wakashuka pwani kutafuta elimu ya dini au riziki. Wazazi wao wangali huku, Chuka, na Runyenjes, na Maua, na wengi wa wazazi hao ni Wakristo. Baadhi ya vijana hawa, tangu waliposilimu, hawajaandika hata mstari mmoja kwa mama zao. Na sababu yenyewe si uvivu. Wameambiwa na watu wasio na elimu kwamba kumkata mzazi asiye Mwislamu ni ukamilifu wa imani. Tutalijibu jambo hili mahali pake, inshallah.

Na ajabu ni hii. Kutoka hapa Meru mpaka Mombasa ni yapata kilomita 700 kwa njia ya gari. Kila siku iendayo kwa Mungu magari ya miraa hushuka kwa mbio kutoka milima ya Nyambene, kwa kuwa jani lile likikaa zaidi ya siku mbili hupoteza nguvu yake. Basi bunda la miraa hufika Mombasa likingali bichi, na salamu ya mtoto kwa mama yake haifiki! Na Mto wa Tana, unaokusanya maji ya mito ya Embu na Meru, huyapeleka mpaka Kipini baharini wala hauchoki. Njia ipo, tangu zamani. Kilichopungua ni nia.

Kalamu katika dini yetu

Ndugu zetu, msidhani kwamba barua ni jambo la dunia tu lisilohusu dini. Qurani imetusimulia katika Sura ya An-Naml khabari za Nabii Sulaiman (a.s.) na malkia wa Sabaa. Nabii Sulaiman alikuwa na majeshi ya watu na majini na ndege, walakini jambo la kwanza alilolipeleka kwa malkia lilikuwa barua, na mchukuzi wake alikuwa ndege hudhud. Malkia alipoipokea aliwaambia wakuu wake kwamba ametupiwa barua tukufu. Na barua hiyo ilitaja jina la mwenye kuandika, ikaanza kwa Bismillahi. Hii ndiyo asili ya adabu ya barua zetu mpaka leo.

Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa akisoma wala kuandika kwa mkono wake, walakini aliwaandikisha waandishi, akapeleka barua kwa wafalme: kwa Heraclius wa Roma, na kwa Kisra wa Uajemi, na kwa Najashi wa Uhabeshi, na wengineo. Alipoambiwa kwamba wafalme hawakubali barua isiyopigwa muhuri, alitengeneza pete ya fedha iliyochorwa jina lake. Na alimwamuru Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, apate kuwaandikia na kumsomea barua zao. Angalieni, basi: mwenye kuandika humfuata msomaji katika lugha aifahamuyo. Kijana wa Meru amwandikie mama yake Kimeru, na wa Embu amwandikie Kiembu; wala asimwandikie maneno ya Kiarabu asiyoyajua, ili aonekane ni mwanachuoni.

Na baada ya vita vya Badr, mateka wasiokuwa na mali ya kujikomboa, waliokuwa wakijua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Ansar maandishi. Na Shifaa binti Abdallah (r.a.) alimfundisha Bibi Hafsa (r.a.), mkewe Mtume, kuandika, na Mtume (s.a.w.) akaliridhia hilo. Haya yametajwa katika vitabu vya Hadithi.

Tumelitaja la Bibi Hafsa makusudi. Katika mwambao wetu wamekuwako watu waliodhani kwamba msichana akifundishwa kuandika ataandika barua zisizofaa. Kwa dhana hii waliwanyima binti zao kalamu. Na binti akaolewa mbali, akawa hana njia ya kumwambia mama yake kwamba ana raha au ana dhiki ila kwa kinywa cha mtu mwengine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa Sahifa na Al-Islah mjini Mombasa katika miaka ya 1930, alisimama kuhimiza wasichana wasomeshwe, na Mungu amrehemu kwa hilo. Wala si jambo geni kwetu. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyobakia duniani ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa harufi za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa Goa, India. Na katika wenye barua hizo ni Mfalme Fatima, aliyekuwa malkia wa Kilwa. Na Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, alikuwa mama aliyetaka maneno yake yabaki mkononi mwa mwanawe baada ya yeye kuondoka. Naye alifariki mwaka 1860, na maneno yangaliko.

Kujibu barua ni kama kujibu salamu

Imam Bukhari ameandika kitabu kiitwacho Al-Adab al-Mufrad, na ndani yake ameweka mlango wa kujibu barua. Ameeleza humo ya kwamba Ibn Abbas (r.a.) aliona kuwa barua ina haki ya kujibiwa kama ilivyo na haki salamu. Nanyi mwajua hukumu ya salamu: kuianza ni suna, na kuijibu ni faradhi, na Qurani katika Sura ya An-Nisaa imetuamuru kuirudisha kwa iliyo bora zaidi, au mfano wake.

Na katika kitabu hicho hicho iko khabari ya Aisha binti Talha, aliyekuwa akikaa katika malezi ya Bibi Aisha (r.a.). Watu wa miji ya mbali walikuwa wakimwandikia barua na kumpelekea zawadi kwa ajili ya cheo chake kwa Bibi Aisha. Alipomwuliza Bibi Aisha afanye nini, alimwamuru awajibu, na zawadi azilipe kwa zawadi. Na kama hana cha kulipa, yeye Bibi Aisha atampa.

Fikirini jambo hili. Mama wa Waumini hakumwambia, "Nyamaza, wewe ni mwanamke." Wala hakumwambia, "Watu hao ni wengi, hutawaweza." Alimwambia ajibu, akajitolea mali yake ili barua isikose jawabu. Basi mtu wa leo, ambaye kalamu ni rahisi kwake kuliko kikombe cha kahawa, ana udhuru gani?

Tena msingoje kuandikiwa ndipo muandike. Imepokewa katika Bukhari kwamba mwenye kuunga udugu si yule alipaye mfano wa alilotendewa, bali ni yule ambaye udugu wake ukikatwa yeye huuunga. Kwa hivyo mwenye kusema, "Ndugu yangu hajaniandikia tangu Idi, na mimi simwandikii," huyo anafanya biashara. Bado hajaunga udugu.

Furaha iliyomo katika barua

Furaha ya mwenye kupokea yajulikana. Walakini twawakumbusha khabari za Nabii Yaaqub (a.s.), ambaye macho yake yaliingia weupe kwa kumlilia Yusuf. Yusuf (a.s.) alipotaka kumfurahisha baba yake hakupeleka neno la mdomo peke yake. Alipeleka kanzu yake, nguo iliyogusa mwili wake, itupwe usoni pa mzee. Na mzee alisikia harufu ya mwanawe kabla msafara haujafika. Na kanzu ilipowekwa usoni pake, akaona. Ule ulikuwa muujiza wa Mitume, wala hatusemi barua ni muujiza. Twasema kwamba moyo wa mzazi hutaka kitu kilichoguswa na mtoto. Karatasi ambayo mkono wa mwanao umeilalia, yenye mwandiko unaoujua tangu alipokuwa akiandika alifu na be juu ya ubao, hushikwa, na hunuswa, na huwekwa ndani ya msahafu au kasha, na hutolewa tena siku ya upweke. Wangapi katika nyinyi mna barua za marehemu wazee wenu, na hamzitoi kwa dhahabu!

Ama furaha ya mwenye kuandika, wengi hawaijui kwa kuwa hawajaionja. Mtu akikaa kuandika hulazimika kutulia. Huuliza nafsi yake: Mama yangu atataka kujua nini? Je, nimwambie kwamba nyumba niliyopanga ina baridi, na kwamba mvua ya huku hunyesha na ukungu ukashuka mpaka mashamba ya chai? Nimwambie kwamba Ijumaa msikiti ulijaa? Nimwombe radhi kwa neno nililomjibu siku ya kuondoka? Akiyafikiri haya, saa nzima huwa yuko naye, ijapokuwa kati yao ni milima na nyika. Hii ndiyo nusu ya kuonana, nayo humfika mwandishi kabla ya msomaji. Akiisha kuitia barua katika bahasha, huondoka na moyo mwepesi kama mtu aliyelipa deni.

Na thamani ya barua hujulikana zaidi inapokosekana. Katika miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 ikaisha Januari 1960, maelfu ya watu wa nchi hii ya mlima, Wakikuyu na Waembu na Wameru, walitiwa kizuizini. Kambi kubwa zilikuwa Mwea, ambayo wakati ule ilikuwa katika Wilaya ya Embu. Na baadhi ya watu walipelekwa hata kisiwa cha Manda, mbele ya macho ya watu wa Lamu. Barua zao zilisomwa na wakaguzi kabla ya kupita. Josiah Mwangi Kariuki, aliyekuwa mmoja wa waliozuiliwa, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 jinsi walivyoandika barua kwa siri kuwafikishia watu wa Uingereza malalamiko yao, na mateso yaliyowapata kwa ajili hiyo. Watu walikubali kupigwa ili barua ipite. Na sisi njia zetu ziko wazi, hapana mkaguzi wala mlinzi, nasi twanyamaza!

Mzazi asiye Mwislamu

Sasa twarudi kwa wale vijana wa Meru na Embu walio katika miji yenu.

Wasemao kwamba aliyesilimu hana haja ya kumwandikia mama yake Mkristo, twawajibu kwa hoja tatu.

Kwanza, Qurani katika Sura ya Luqman imeeleza wazazi wawili wanaomlazimisha mtoto wao kumshirikisha Mungu. Imemkataza kuwatii katika shirki, kisha ikamwamuru akae nao duniani kwa wema. Ikiwa hii ni hukumu ya mzazi anayekupiga vita juu ya dini yako, vipi mzazi ambaye kosa lake ni kulia tu kwa kuwa hajui uliko?

Pili, Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.) alijiwa na mama yake, naye ni mshirikina, katika siku za mapatano ya Mtume na Makureshi. Asmaa alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amtendee wema mama yake, na Mtume akamwambia ndiyo, amuunge. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, haina shaka.

Tatu, Nabii Ibrahim (a.s.), baba wa Mitume. Baba yake alikuwa akiabudu masanamu. Katika Sura ya Maryam, Ibrahim alimsemesha baba yake, na mara nne alimwita kwa neno la mapenzi na heshima: ewe baba yangu. Baba akamtishia kumpiga mawe na akamwambia aondoke. Na jawabu ya Ibrahim ilikuwa kumtakia amani na kumwahidi kumwombea. Hakumtukana, wala hakujisifu mbele yake.

Basi kijana anapomwandikia mama yake, na amwite kwa jina la heshima alilokuwa akimwita tangu utotoni. Na amwulize afya yake, na mvua, na mahindi, na majani ya chai, na wadogo zake. Na asiijaze barua mabishano ya dini. Akiulizwa ajibu kwa upole. Huenda mama huyo akasomewa barua na jirani, na nyumba nzima ikasikiliza. Na itakuwa ndiyo khabari ya kwanza ya Uislamu kuingia katika nyumba ile, nayo ni khabari ya mtoto aliyezidi wema tangu aliposilimu. Kinyume chake twaijua: watu husema dini ile imetunyang'anya mwana. Aliyenyamaza ndiye aliyewapa maneno hayo.

Nanyi ndugu zetu wa pwani, wenye kuwapokea vijana hawa katika nyumba na vyuo vyenu, mna sehemu katika haya. Mmewapa chakula na malazi, na Mungu atawalipa. Mpeni kijana karatasi na kalamu vile vile. Mwulizeni, "Mama yako umemwandikia lini?" Mwalimu wa chuo akiwatengea wanafunzi wake saa moja katika mwezi kuwaandikia wazazi wao, hiyo pia ni darasa ya dini.

Majibu kwa wenye udhuru

Wako wasemao: "Simu imetosha." Sisi hatuikatazi simu, ni neema ya Mungu, na kwa mgonjwa na kwa jambo la haraka haina mfano. Walakini simu husema na kupita. Mara nyingi watu husemeshana hali mmoja yuko sokoni na mwengine yuko jikoni, na fedha ya maongezi inakwisha. Maneno mazito hayasemeki hivyo. Tena yaliyosemwa kwa simu hayasomwi tena baada ya miaka kumi.

Wako wasemao: "Mimi natuma fedha." Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 kutuma fedha kumekuwa jambo la dakika moja, na wengi wamedhani deni lao kwa wazazi limekwisha. Fedha ni nafaka na dawa, nayo ni wajibu kwa mwenye uwezo. Ila mama akishapokea ujumbe wa fedha, hujua kiasi gani amepata, wala hajui mwanawe yu hali gani.

Na wako wasemao: "Mama yangu hajui kusoma." Tangu zamani barua zilisomwa na watoto wa jirani. Mabibi wengi wa pwani walisoma harufi za Kiarabu kwa kuwa walisoma Qurani, na watoto wao waliosoma skuli za serikali wakaandika harufi za Kizungu. Basi mama alihitaji msomaji ijapokuwa yeye si mjinga. Huku kwetu pia, barua nyingi za vijijini zilipitia sanduku la posta la skuli au la kanisa, na mwalimu akampa mtoto aipeleke nyumbani. Barua ilifika. Atakaye hupata njia.

Waraka wa uwongo

Hatuwezi kuyaacha maneno haya bila ya kutaja waraka ule uitwao wasia wa Sheikh Ahmad, ambaye yadaiwa ni mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) na kwamba amemwona Mtume katika ndoto. Waraka huu ni wa zamani. Mwaka 1908 ulienea katika pwani ya kusini ya Tanganyika, pande za Lindi, ukaitwa barua ya Makka, mpaka serikali ya Kijarumani ikaingiwa na khofu. Wanavyuoni wameukanusha mara nyingi, miongoni mwao Sheikh Abdul-Aziz bin Baz. Hauna asili katika dini, na vitisho vyake kwamba asiyeunakili atapatwa na msiba ni uwongo mtupu.

Na leo waraka huo huo, na mifano yake, huzungushwa katika simu: peleka kwa watu ishirini, utapata khabari njema. Mtu humpelekea yule na yule maneno asiyoyatunga wala kuyahakikisha, na mama yake mwenyewe hajamwandikia neno moja la kweli. Ndugu zetu, acheni kunakili wasia wa mtu asiyejulikana. Andikeni salamu kwa watu mnaowajua.

Adabu za barua

Tutataja adabu chache kwa mukhtasari.

Anza kwa jina la Mungu, kisha utaje mahali na tarehe, kwa kuwa barua isiyo na tarehe humtia msomaji mashaka. Baada ya salamu, eleza hali yako kwa ukweli. Wengi huandika "hali yangu njema" nao wamo katika maradhi. Si lazima kumtia mzazi khofu, wala si halali kumdanganya. Taja watu kwa majina yao katika salamu, mkubwa na mdogo, kwa kuwa mtoto akisikia jina lake katika barua hulala na furaha. Usiandike ukiwa na hasira. Neno la ulimi husahauliwa, na neno la wino hukaa.

Na mwenye kuchukua barua ya mtu, au kumsomea asiyejua kusoma, ashike amana. Asizidishe, asipunguze, wala asiyatoe nje aliyoyasoma. Iko Hadithi katika Abu Daud inayomkemea mwenye kuangalia barua ya nduguye bila ya idhini. Isnadi yake ni dhaifu, nasi hatutaki kuwaficha hilo. Walakini maana yake yatosha kuthubutishwa na Sura ya Al-Hujurat, iliyokataza kupeleleza siri za watu.

Hatima

Enyi ndugu, siku za mtu zina hesabu. Mama unayesema utamwandikia mwezi ujao, hujui kama mwezi ujao utamkuta. Mwenye kufiwa na mzazi hali amemwandikia, hubaki na majonzi na faraja pamoja. Na mwenye kufiwa hali barua ya mzazi iko mezani haijajibiwa, deni lile halina wa kulipokea tena ila kwa dua na sadaka.

Basi twawaomba, kila asomaye ukurasa huu, kabla ya Ijumaa ijayo aandike barua moja kwa mkono wake. Mwenye mzazi aanze na mzazi, na asiye na mzazi amwandikie ndugu, au shangazi, au mwalimu aliyemfundisha. Na mwenye kijana wa Meru au Embu chini ya dari yake, amkalishe naye aandike. Sisi huku tutaandika zetu, na walio katika njia ya Isiolo, na Chuka, na Runyenjes tutawachukulia zao kwa mikono yetu ikiwa posta iko mbali.

Ewe Mola wetu, waunganishe waliotengana, na ulainishe mioyo ya watoto kwa wazazi wao, na uwaongoze wazazi wetu katika njia yako iliyonyoka, na utujaalie kalamu zetu zitushuhudie kwa kheri siku ambayo kila mtu atapewa kitabu chake akisome. Amin.

Wa billahi ttaufiq. Wassalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.